Kengele Iliyonyamaza Bila Kuaga

Mazungumzo ya leo yanahusu mitambo inayolinda mitandao ya kompyuta, na hasa ile saa ambapo mtambo mkuu wa ulinzi wenyewe unazimika. Naomba nianzie mbali kidogo, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, Alhamisi ya tarehe 14 Agosti 2003. Yaliyotokea pale yalihusu umeme, wala hapakuwa na mdukuzi yeyote, lakini sijapata kusikia kisa kinacholieleza jambo hili waziwazi kuliko hicho.

Katika chumba cha udhibiti cha kampuni ya umeme ya FirstEnergy, waendeshaji walikuwa zamu kama kawaida. Kazi yao ilitegemea kengele. Laini kubwa ikikatika au ikielemewa, kompyuta hulia na kuandika ujumbe kwenye skrini, na mwendeshaji huchukua hatua. Saa 8 na dakika 14 mchana, programu ya kengele ilikwama. Skrini hazikuzimika, wala hakuna taa nyekundu iliyowaka. Ujumbe mpya tu ndio ulioacha kuja, na chumba kisichopata ujumbe mpya hufanana kabisa na chumba ambacho mambo yote huko nje ni shwari.

Saa 8:27 laini iitwayo Star–South Canton ilikatika, kisha ikarudi yenyewe. Dakika tano baadaye kampuni jirani, AEP, ikapiga simu kuuliza kulikoni. Upande wa FirstEnergy hakuna kengele iliyokuwa imelia, na hilo ndilo jibu lililotolewa. Mtu aliyejibu hakudanganya. Alisema kile alichokuwa akioneshwa na mitambo yake, na mitambo yake ilikuwa imeshakufa robo saa nzima.

Saa 8:41 seva iliyobeba programu ile ikaanguka. Seva ya akiba ikapokea kazi, kama ilivyopangwa. Lakini ilipokea kila kitu, ikiwemo ile programu ya kengele katika hali yake ileile ya kukwama. Dakika 13 baadaye nayo ikaanguka. Skrini zilizokuwa zikijisasisha kila baada ya sekunde moja hadi tatu, sasa zilichukua hadi sekunde 59. Mafundi wa kompyuta walikuwa wamepata ujumbe kwamba seva imeanguka. Wakaiwasha upya, na saa 9:08 wakaiona imesimama, wakaridhika. Hawakuwauliza waendeshaji kama kengele zinalia. Waendeshaji nao hawakujua kwamba kuna la kuulizwa.

Wakati huo laini zilikuwa zikianguka moja baada ya nyingine. Saa 9:05 Chamberlin–Harding, iliyolegea kwa joto la mzigo hadi ikagusa mti. Saa 9:32 Hanna–Juniper. Saa 9:41 Star–South Canton tena, na safari hii haikurudi. Ilipofika saa 9:42 ndipo chumba cha udhibiti kilipotambua kwamba kompyuta zake ndizo mbovu. Zilikuwa zimepita dakika 88. Muda mfupi baada ya saa 10 jioni gridi ikaporomoka, na watu wapatao milioni 50 wakakosa umeme, New York, Detroit, Cleveland hadi Toronto ng'ambo ya mpaka wa Kanada.

Kikosi kazi cha pamoja cha Marekani na Kanada kilitoa ripoti yake ya mwisho Aprili 2004. Kilitaja miti isiyokatwa, mafunzo hafifu na mengine mengi. Mimi nashikilia zile dakika 88. Ndani ya dakika 88 mwendeshaji mwenye macho anaweza kupunguza mzigo, kuomba msaada kwa majirani, kufanya uamuzi mgumu wa kuzima sehemu ndogo ili kuokoa kubwa. Watu wa Akron hawakunyimwa ujuzi wa kufanya hayo. Walinyimwa habari kwamba hawana habari.

Sasa tuje kwenye mitandao. Benki, hospitali au wizara hulinda mtandao wake kwa umbo lilelile la Akron. Pembezoni kuna vihisi vinavyosoma mawasiliano yanayopita: programu kama Zeek, ambayo Vern Paxson alianza kuiandika mwaka 1995 kwenye maabara ya Lawrence Berkeley huko California, au Suricata iliyokuja baadaye. Kuna fayawoli, kuna seva za barua pepe, kuna kompyuta za makarani, na kila kimoja kinaandika kumbukumbu za kinachotokea. Kumbukumbu hizo husafirishwa hadi mtambo wa kati, ambao huzipokea, huzipanga, huzilinganisha na kupiga kengele. Mtu aliye zamu hakai kutazama vihisi. Anatazama mtambo wa kati.

Kuna sababu nzuri ya kuweka akili yote pale katikati. Karani wa Mwanza akiingia kwenye mfumo saa 3 asubuhi, hakuna la ajabu. Akaunti hiyohiyo ikiingia kutoka Dubai dakika kumi baadaye, hakuna la ajabu vilevile kwa seva iliyoiona hiyo ya Dubai peke yake. Anayeziona zote mbili ndiye anayejua kuna nywila iliyoibwa, na anayeziona zote mbili ni mtambo wa kati tu. Ukianguka, kila kihisi kinabaki kinajua kipande chake, na hakuna anayejumlisha.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomwuliza mtu wa TEHAMA anaponiambia wamenunua mfumo mzuri wa ulinzi ni hili: mtambo wa kati ukizimika sasa hivi, kihisi cha tawini kinafanya nini na kumbukumbu iliyo mkononi mwake? Jibu linategemea namna kinavyoituma.

Njia ya zamani ya kutuma kumbukumbu ni syslog, iliyotengenezwa na Eric Allman kule Berkeley katika miaka ya 1980, na hadi leo ruta na swichi nyingi zinaitumia. Kwa kawaida yake hutuma kwa itifaki ya UDP, mlango namba 514. UDP haisubiri jibu. Kifaa kinaitoa pakiti, kinaendelea na kazi yake, na hakina habari kama kuna aliyeipokea. Mtambo wa kati ukiwa umezima kwa saa sita, ruta itatuma kwa saa sita na kila ujumbe utapotea, na ukiitazama ruta yenyewe utaiona nzima kabisa. Kwa ofisi nyingi, nina hakika, hii ndiyo hali iliyopo leo kwenye vifaa vyao vya zamani, na hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Ndivyo kifaa kilivyotoka kiwandani.

Njia bora ni ya mtumaji anayejua kama ametuma bure. Akitumia TCP, anatambua muunganisho umekatika. Akiwa na foleni kwenye diski, kama rsyslog inavyoweza kupangwa, anaanza kuhifadhi. Programu nyingine kama Filebeat huweka alama ya mahali ilipofikia kwenye faili, kwa hiyo mtambo wa kati ukirudi, inaendelea pale ilipoachia. Hapa ndipo watu hufurahi na kufunga mjadala, na ndipo nami ninapoomba hesabu ifanywe. Chukua kihisi kinachotoa ujumbe 2,000 kwa sekunde, kila ujumbe baiti 500. Hiyo ni megabaiti moja kwa sekunde, gigabaiti 3.6 kwa saa, gigabaiti 86 na ushei kwa siku. Ukikitengea foleni ya gigabaiti 10, umejinunulia chini ya saa tatu. Mtambo ukianguka Ijumaa jioni na fundi akaja Jumatatu, Jumamosi na Jumapili zako hazipo. Na yule wa alama kwenye faili naye ana adui yake: mfumo unaofuta au kuzungusha faili za zamani kila usiku. Faili ikifutwa kabla haijasomwa, alama inaonesha mahali pasipokuwepo.

Foleni ikijaa, lazima kitu kitupwe, na mtu lazima awe ameamua mapema ni kipi. Kutupa za zamani ukabaki na mpya? Au kushikilia za mwanzo, kwa kuwa uvamizi huenda ulianza papo hapo mtambo ulipoanguka? Mimi nasimama upande wa kushikilia za mwanzo kwa vifaa vinavyohusu akaunti na nywila, kwa sababu mwizi anayezima ulinzi hafanyi hivyo ili alale. Orodha ya mbinu za wavamizi inayotunzwa na shirika la MITRE la Marekani, ambayo walinzi wa mitandao duniani kote huifuata, ina fungu zima la kudhoofisha ulinzi, na kukata njia ya kumbukumbu kumo humo. Mtambo wa kati ukianguka, uchukulie kwanza kuwa umeangushwa, hadi ipatikane sababu nyingine.

Halafu kuna vifaa vinavyokaa katikati ya njia, ambavyo kila pakiti hupita ndani yake ili ikaguliwe. Hivyo vikikwama, ama vinafunga njia, kazi zote zisimame, ama vinaiacha wazi, kila kitu kipite bila kukaguliwa. Hospitali haiwezi kufunga. Daktari anahitaji majibu ya maabara. Sehemu inayohamisha fedha, kwa maoni yangu, ifunge, na wateja waombwe radhi. Lakini ukichagua kuacha wazi, basi kule kuacha wazi kwenyewe kupige kengele kubwa kuliko zote.

Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza taarifa za mikopo za watu, ililipia somo hilo. Machi 2017 ilitangazwa kasoro kwenye programu ya Apache Struts, na marekebisho yakatolewa. Seva moja ya Equifax, ya kupokea malalamiko ya wateja, haikurekebishwa. Wavamizi wakaingia tarehe 13 Mei, wakakaa ndani zaidi ya miezi miwili wakichota taarifa. Kifaa cha kukagua mawasiliano kilikuwepo. Kilikuwa kinawaka. Lakini ili kiweze kusoma mawasiliano yaliyofichwa kwa msimbo kilihitaji cheti cha kidijitali, na cheti hicho kilikuwa kimekwisha muda miezi mingi kabla ya uvamizi. Bila cheti kiliyaacha mawasiliano yapite bila kuyasoma. Tarehe 29 Julai jioni cheti kikafanywa upya, na papo hapo watu wa usalama wakaona mawasiliano ya kutilia shaka. Kesho yake seva ikazimwa. Watu wapatao milioni 147 taarifa zao zilikuwa zimeshaguswa.

Fikiria, msikilizaji, hali ya kile kifaa katika miezi hiyo. Ungekiuliza kama kiko hai, kingejibu ndiyo. Umeme upo, feni inazunguka, anwani yake inaitika. Ndiyo maana mimi siridhiki na ukaguzi wa kuuliza tu kama seva imewaka. Mafundi wa Akron waliona seva imewaka.

Wala tusidhani haya ni ya zamani, au ya wazembe. Mwaka 2024 Microsoft, yenye mali na wahandisi wa kutosha, iliwaarifu wateja wake kwamba kumbukumbu za usalama za baadhi ya huduma zake, kuanzia tarehe 2 hadi 19 Septemba mwaka huo, huenda hazikukamilika. Kisa kilikuwa hitilafu katika programu ndogo za kukusanya kumbukumbu, na hitilafu yenyewe iliibuka wakati wa kurekebisha nyingine. Kwa mteja aliyevamiwa katika siku hizo, huo ni ushahidi ambao huenda asiupate tena.

Huku kwetu Afrika Mashariki tuna jambo la kuongeza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Watu walizungumzia WhatsApp na malipo, na walikuwa na haki. Lakini ofisi nyingi siku hizi zimekodi mtambo wa kati wa ulinzi kwenye seva zilizo Ulaya au Afrika Kusini. Kwa kihisi kilicho Mbeya, waya uliokatika baharini na seva iliyokufa Ulaya ni kitu kimoja: hakuna anayepokea. Na wakati huo mtandao wa ndani wa ofisi unaendelea, mwizi aliyekwisha kuingia anatembea kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kuhitaji waya wowote wa baharini. Ofisi ya namna hiyo inahitaji mpokeaji mdogo hapahapa nchini, anayeweza kuhifadhi kwa siku kadhaa na kupiga kengele zile za msingi peke yake. Si gharama ya kutisha: kompyuta moja nzuri na diski kubwa.

Lakini yote hayo ni ya kutunza kumbukumbu. Bado hatujajibu nani atatuambia kwamba kengele imekufa.

Wengi wetu tumekulia mitaa ambayo mlinzi wa usiku hugonga chuma kila saa. Kile chuma hakikuwa cha kutangaza mwizi. Kilikuwa cha kusema nipo, niko macho. Usiku ambao saa nane ilipita kimya, mwenye nyumba aliamka kwenda kutazama. Mitambo mizuri ya ufuatiliaji hufanya hivyohivyo. Kwa wanaotumia programu ya ufuatiliaji ya Prometheus, kuna kengele inayowekwa makusudi ilie wakati wote, usiku na mchana, na jina lake ni Watchdog. Haiamshi mtu. Hutumwa kwa mpokeaji aliye nje kabisa ya mfumo, na mpokeaji huyo kazi yake ni moja: ujumbe usipofika kwa dakika kadhaa, apige simu.

Sisitizo langu liko kwenye maneno nje kabisa. Nimeona michoro ya mifumo ambamo mtambo wa kati unajichunguza wenyewe, na ukijiona mgonjwa unatuma barua pepe kupitia seva ya barua pepe iliyo kwenye kabati hilohilo, inayotumia swichi hiyohiyo na umeme huohuo. Mchunguzi wa nje awe na umeme wake, awe na njia yake, hata ikiwa ni kifaa kidogo chenye laini ya simu kinachotuma SMS. Na asiulize kama seva imewaka. Aulize kazi yote kutoka mwanzo hadi mwisho: kila dakika chache tukio la uongo litengenezwe tawini, kwa mfano mtu asiyekuwepo akijaribu kuingia, kisha asubiri kuona kama kengele yake imelia makao makuu. Jaribio la namna hiyo lingeigundua Akron kabla ya saa 8 na nusu, na lingeligundua tatizo la Equifax siku ileile cheti kilipokwisha.

Lipo na jingine ambalo husahaulika, nalo ni saa ya kurudi. Mtambo wa kati ukiwashwa baada ya saa sita, vihisi vyote humwaga foleni zao kwa pamoja, na si ajabu ukaelemewa ukaanguka tena. Hilo hutibika kwa kuviruhusu vichache vichache. Baya zaidi ni la wakati. Kila kumbukumbu ina saa mbili: saa ya tukio na saa ya kufika. Kanuni nyingi za kupiga kengele hutazama matukio ya dakika tano au kumi zilizopita. Kumbukumbu ya saa 8 mchana ikifika saa 2 usiku, kanuni inaiona ni ya zamani, inaipita. Itahifadhiwa vizuri, ukiitafuta utaipata, lakini kengele haitalia kamwe. Ofisi inaweza kujivunia kwamba haikupoteza hata ujumbe mmoja, na bado uvamizi wote wa mchana ule umelala kwenye diski yao bila kusomwa. Baada ya kila kukatika, kanuni zote ziendeshwe upya juu ya kipindi chote cha pengo, kwa saa ya tukio, na mtu mmoja kwa jina lake awajibike kwa kazi hiyo.

Sheria nayo inabana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 humpa mdhibiti wa data saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data tangu ajue kwamba taarifa za watu zimevuja na kuna hatari ya kweli kwao. Atakapoulizwa ni taarifa za nani na ngapi, atajibu kwa kutumia nini, ikiwa kumbukumbu za saa hizo hazipo?

Kwako wewe uliye kwenye kitengo cha TEHAMA, iwe benki, chuo au sacco ya walimu, nakuomba jambo moja la kufanya. Pata ruhusa ya mkuu wako, kisha chagua Jumamosi tulivu. Kuanzia saa 3 asubuhi, kutoka kila tawi na kila aina ya kifaa, tengeneza tukio moja lenye alama yako kila dakika tano. Saa 4 zima huduma ya kupokea kumbukumbu kwenye mtambo wa kati, bila kuwaambia walio zamu. Tazama saa, uandike nani alikuwa wa kwanza kugundua, na aligundua kwa njia gani: kwa kengele, au kwa bahati. Saa 8 washa. Jumapili hesabu alama zilizofika, kisha hesabu kengele zilizolia kutokana nazo, maana idadi hizo mbili hazitalingana. Vifaa ambavyo alama zake hazikufika viandike kwa majina, na kwenye kila jina andika kinatuma kwa itifaki gani na foleni yake ni ya ukubwa gani. Karatasi hiyo ndiyo ya kuingia nayo kwenye kikao cha bajeti.